Mtoto ana kadi ya kliniki, kijito anachokunywa je?

Kila mzazi wa Mbulu na Hanang anaifahamu kadi ya kliniki. Mtoto anapelekwa, anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, kisha muuguzi anaweka nukta kwenye chati. Nukta moja peke yake haisemi mengi. Zikiunganishwa za miezi sita ndipo zinaanza kueleza: huyu anapanda vizuri, huyu amesimama, huyu anashuka. Hakuna anayesubiri mtoto alegee ndipo ampime.

Chanzo cha maji anachokunywa mtoto huyo huyo hakina kadi. Kijito kinaweza kupungua, kuchafuka na kupoteza viumbe wake kwa miaka kumi, kijiji kikaja kushtuka siku kinapokauka, au siku watoto wa nyumba tatu wanapoharisha kwa wiki moja. Hapo mjadala huanza na kila mmoja anakumbuka lake. Mzee anasema zamani maji yalifika magotini. Kijana anasema yamekuwa hivi siku zote. Hakuna aliyeandika, kwa hiyo hakuna anayeshinda hoja, na chepe na jembe vinaendelea na kazi yake kandokando ya maji.

Habari njema ni kwamba afya ya kijito inaweza kupimwa, na sehemu kubwa ya kipimo hicho haihitaji maabara. Inahitaji ndoo, saa ya simu, chupa inayoonyesha, chujio la chai na daftari.

Somo kutoka kwenye matumbawe

Njia hii ya kupima mazingira yaliyoguswa na shughuli za binadamu imezoeleka zaidi pwani. Katika miamba ya matumbawe ya Mafia, Unguja na Tanga, wataalamu huzama na futi ya kamba, huitandaza chini, kisha huhesabu. Wanaangalia ni sehemu gani ya mwamba ina matumbawe hai, ni sehemu gani imebaki vifusi vilivyovunjwa na baruti za wavuvi haramu, na samaki wa aina gani bado wapo. Mwaka unaofuata hurudi mahali pale pale na kuhesabu tena.

Ni kwa kuhesabu hivyo ndipo ilipojulikana bahari ya joto ya mwaka 1998 ilipausha na kuua matumbawe kiasi gani katika ukanda huu, na ni miamba ipi iliyopona haraka. Pia wataalamu hulinganisha mwamba unaovuliwa na ule uliolindwa. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kimelinda mwamba wake tangu miaka ya 1990, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Maeneo ya namna hiyo humwonyesha mtaalamu mwamba mzima unavyofanana, ili aweze kusema mwingine umeumia kwa kiwango gani.

Mambo mawili hapo yanafaa kuchukuliwa na kupandishwa mlimani. La kwanza, pima mahali pale pale, tena na tena. La pili, linganisha palipoguswa na pasipoguswa. Mwenye kufanya hayo mawili hahitaji kubishana na mtu kuhusu zamani.

Maji ya hapa hayafiki baharini

Mbulu na Hanang zina sababu yao ya pekee ya kujali. Mito mingi ya Tanzania humwaga maji baharini au kwenye maziwa makuu. Ya huku haina njia hiyo. Wilaya hizi zipo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake huishia kwenye maziwa na mbuga za ndani. Upande wa mashariki wa nyanda za juu za Mbulu maji huteremkia bonde la Ziwa Manyara. Upande wa magharibi yanaelekea Yaeda na Ziwa Eyasi. Chini ya Mlima Hanang lipo Ziwa Balangida, lenye chumvi, ambalo hutanuka wakati wa mvua na kukauka kiangazi.

Maana yake kwa familia ni rahisi. Udongo unaosombwa shambani hauondoki kwenda mbali. Unatua kwenye bwawa la kijiji kinachofuata, kwenye mbuga ya malisho, au kwenye ziwa. Uchafu wa nyumba ya juu ni maji ya kunywa ya nyumba ya chini, na baada ya hapo hauna pa kwenda.

Katikati ya maziwa hayo ya chumvi lipo Ziwa Basotu, wilayani Hanang, ambalo maji yake ni baridi. Limekaa kwenye shimo la volkano ya kale, na watu wake huvua samaki, hunywesha mifugo na kuchota maji humo. Eneo linalolizunguka lilibadilika sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, pale malisho ya Wabarabaig yalipogeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalifikia takriban ekari 100,000. Watafiti Charles Lane na Jules Pretty, walioyachunguza, waliandika kuhusu mmomonyoko na makorongo yaliyotokana na kulima maeneo mapana kwa mashine na kuacha udongo wazi mvua zinapoanza. Hiyo ni mifano ya mambo ambayo ziwa huyabeba miaka mingi baada ya trekta kuondoka.

Upande wa Mbulu upo Msitu wa Nou, wenye zaidi ya hekta 30,000 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, unaogusa pia Babati. Chemchemi nyingi zinazolisha vijiji vya pande zote mbili huanzia humo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la Farm Africa lilishirikiana na serikali na vijiji kuanzisha usimamizi shirikishi wa msitu huo, ambapo wanakijiji wenyewe hushiriki kuweka sheria na kufanya doria. Kwa mtu anayetaka kupima afya ya vijito, msitu kama huo ni sawa na mwamba uliolindwa wa Chumbe. Maji yanayotoka ndani ya miti humwonyesha kijito kizima kilivyo.

Shahidi aliye chini ya jiwe

Maji yanapita. Uchafu uliomwagwa saa mbili asubuhi huenda saa nne haupo tena mahali hapo, na anayekuja kupima mchana ataona maji maangavu. Ndiyo maana wataalamu wa mito huwauliza wadudu. Mdudu anayeishi chini ya jiwe kwa wiki au miezi amepitia kila kilichopita hapo. Akiwa bado yupo, maji yamekuwa mazuri muda wote huo. Kama ametoweka na wamebaki wale sugu tu, kuna jambo limetokea hata kama leo maji yanang'aa.

Tanzania ina kipimo chake cha aina hiyo. Mwaka 2015, Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mfumo uitwao TARISS, unaotoa alama kwa mto kulingana na wadudu na viumbe wadogo waliomo. Mfumo huo ni wa wataalamu waliofunzwa. Kwa wanafunzi na wanakijiji kipo kipimo rahisi zaidi kilichoanzia Afrika Kusini, kiitwacho miniSASS, chenye makundi 13 tu ya viumbe. Kila kundi lina alama yake. Asiyevumilia uchafu ana alama kubwa, na sugu ana alama ndogo.

Hawa ndio baadhi ya kuwatafuta:

Mdudu bapa mwenye mikia miwili, anayeng'ang'ania chini ya mawe kwenye maji ya kasi na baridi. Huyu ni dhaifu kuliko wote kwa uchafu, na ana alama 17.

Mdudu laini mwenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea pembeni mwa tumbo. Wapo wa aina nyingi, na wengi wao ni dalili njema.

Kijidudu kinachojijengea nyumba ya chembe za mchanga au vijiti na kutembea nayo. Alama 9.

Mtoto wa kereng'ende, mnene na mwenye macho makubwa, ambaye hukaa majini kabla ya kuota mabawa. Alama 6. Kaa wa mtoni naye ana alama 6.

Konokono, alama 4. Ruba, alama 2. Minyoo, alama 2. Mabuu ya mbu, inzi na jamaa zao, pamoja na yale mekundu yanayojinyonganyonga kwenye tope, alama 2.

Baada ya kutafuta, alama za makundi yaliyoonekana hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi. Chukua mfano. Juu, karibu na msitu, wanafunzi wamepata mdudu wa mikia miwili, mwenye nyumba ya mchanga, kaa, mtoto wa kereng'ende na konokono. Hiyo ni 17, 9, 6, 6 na 4, jumla 42. Ukigawanya kwa 5 unapata 8.4. Chini, baada ya mashamba na birika la ng'ombe, wamepata kaa, konokono, ruba, minyoo na mabuu. Jumla ni 16, wastani 3.2. Kijito ni kile kile, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni yale yaliyofanyika katikati.

Alama hizo zilitungwa kwa mito ya Afrika Kusini, kwa hiyo hazifai kutumika kuhukumu kijito cha Mbulu dhidi ya mto wa nchi nyingine. Zinafaa kwa kulinganisha kijito na chenyewe, juu na chini, mwaka huu na mwakani. Tena zinafaa kwenye maji yanayotembea juu ya mawe, si kwenye bwawa lililotulia.

Vipimo vinne kwa daftari moja

Wadudu ni kipimo kimoja. Vipo vingine vitatu ambavyo mzazi, mwalimu au kamati ya maji inaweza kuvifanya kwa dakika chache.

Cha kwanza ni wingi wa maji. Mahali maji yanapotoka kwenye bomba au mfereji, weka ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika. Mwakani, mwezi ule ule, ikichukua sekunde 80, chemchemi imepungua nusu. Hapo hakuna tena ubishi wa magoti ya mzee.

Cha pili ni uangavu. Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iweke juu ya karatasi yenye maandishi meusi na uangalie kutoka juu. Andika kama maandishi yanasomeka vizuri, kwa shida, au hayasomeki kabisa. Rudia baada ya mvua kubwa. Maji yanayogeuka rangi ya chai ya maziwa kila mvua inaponyesha yanaeleza kwamba udongo wa mtu unaondoka, na huyo mtu atakuja kuona mavuno yake yakipungua.

Cha tatu ni kingo. Hesabu hatua kutoka maji hadi shamba la kwanza, hadi zizi la kwanza, hadi choo cha kwanza. Andika kama kuna miti ya asili, majani, au udongo mtupu wenye nyayo za ng'ombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Wengi wamesikia mita 60 zikitajwa mikutanoni. Wachache wamewahi kuzipima kwa hatua.

Vipimo hivi vinafaa kufanyika mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya masika, mahali pale pale palipowekewa alama ya jiwe au mti.

Watoto wakihusishwa, na wanapaswa kuhusishwa, kuna masharti. Wasimamiwe na mtu mzima. Wachague maji ya kina kifupi yanayotembea. Wavae buti za mpira, wasikae majini, wanawe kwa sabuni baadaye. Mahali penye maji yaliyotulia na konokono wengi wasiingie kabisa. Si kila konokono ana madhara, lakini wapo wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Mtoto anayelalamika maumivu ya tumbo, au anayeonekana na damu kwenye mkojo au kinyesi, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yale yale.

Kinachokiumiza kijito

Ukifuata kijito kutoka msituni hadi bondeni, majeraha yake hayafichiki. Kuna mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, kwa sababu pale udongo una unyevu na mboga hukua hata kiangazi. Kuna vitunguu saumu, zao linalowapatia fedha wakulima wengi wa Mbulu, ambavyo humwagiliwa kutoka kwenye vijito. Kuna bomba la kupulizia dawa linaloshwa mtoni baada ya kazi, jambo la dakika moja linaloweza kuua wadudu wa maji mwendo mrefu chini. Kuna tanuru za matofali, ng'ombe wanaoingia majini moja kwa moja, nguo zinazofuliwa kwenye chanzo, na mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi kwa nia njema ingawa mti huo hunywa maji mengi.

Hakuna mwovu mmoja katika orodha hiyo. Anayelima ukingoni ana watoto wa kulisha, na anayenywesha ng'ombe kijitoni hana birika. Ndiyo maana kipimo ni bora kuliko lawama. Kikionyesha kwamba kijito kinaanguka kutoka 8 hadi 3 kati ya jiwe fulani na daraja fulani, kijiji kinaweza kuzungumza kuhusu hatua mia mbili za ardhi badala ya kuzungumza kuhusu tabia za watu. Birika moja la kunyweshea mifugo nje ya mkondo, au ukanda wa majani ya malisho kando ya maji, unaweza kutosha.

Nyanda hizi si ngeni kwa utunzaji. Wairaqw wa eneo la Irqwar Da'aw, kusini mwa mji wa Mbulu, wanajulikana kwa watafiti wa kilimo kwa namna walivyolima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia samadi, matuta na kuhifadhi mabonde yenye maji. Kuna wazee ambao bado wanajua kwa nini sehemu fulani ya bonde haikuguswa.

Hanang nayo inakumbuka asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wa mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano, bali miamba dhaifu iliyonyonya maji. Kwa familia zilizo chini ya miteremko, somo la afya ni hili: mafuriko au tope likipita, kila chanzo cha maji kilichoguswa kihesabiwe si salama mpaka kipimwe na wataalamu, hata kama kimerudi kuwa kiangavu. Vyoo vilivyofunikwa na mizoga iliyozikwa kwenye tope havionekani kwa macho.

Haydom ilichojifunza kuhusu matumbo ya watoto

Kwa nini ukurasa wa familia uhangaike na wadudu wa kijitoni? Jibu lipo Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, ilikuwa kituo pekee cha Tanzania katika utafiti mkubwa uitwao MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 na kuhusisha nchi 8. Watafiti waliwafuata watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili. Walipima ukuaji wao na kuchunguza choo chao kila mwezi, hata walipokuwa hawaharishi.

Kilichoonekana kilibadilisha mawazo ya wengi. Watoto walioonekana wazima walikuwa na vimelea vya ugonjwa tumboni mara nyingi, na baadhi ya vimelea hivyo vilihusishwa na watoto kukua kwa urefu mdogo kuliko inavyotakiwa. Kwa maneno mengine, kuharisha ni sehemu inayoonekana ya tatizo. Sehemu nyingine inaendelea kimyakimya, na mzazi anaiona tu pale mtoto wa miaka miwili anapokuwa mfupi kuliko wenzake. Kitaifa, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wana udumavu.

Baadaye, hapo hapo Haydom, watafiti walijaribu kuwapa watoto zaidi ya 1,000 dawa za kuua vimelea kwa ratiba maalumu ili kuona kama watakua vizuri zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa hizo hazikuongeza ukuaji. Mtoto anayeishi kwenye uchafu ule ule huambukizwa tena. Vidonge peke yake haviwezi kushinda mazingira, na mazingira hayo yanajumuisha maji, choo, kinyesi cha mifugo uani na mikono ya anayempikia.

Kijito kizima si kikombe salama

Hapa mzazi anatakiwa kuwa makini sana. Kijito chenye wadudu wazuri ni kijito chenye afya. Hilo halimaanishi maji yake yanyweke bila kutibiwa. Mdudu wa mikia miwili anaishi vizuri kwenye maji ambayo nyani amejisaidia juu yake asubuhi hiyo. Mdudu anajibu swali la kijito, hajibu swali la kikombe.

Swali la kikombe hujibiwa na kipimo cha bakteria kinachofanywa na wataalamu wa maji, na kwa kila siku hujibiwa na sufuria. Chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu. Katika maeneo ya juu ya Mbulu yanayokaribia mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Joto hilo bado linaua vimelea, ila ni busara kuyaacha yatokote kwa dakika tatu. Kama kuni ni shida, vidonge vya klorini vinafaa kwa maji maangavu. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza. Kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili kikombe na mikono visizamishwe humo.

Lipo pia jambo ambalo wala wadudu wala sufuria havitaligundua. Sehemu za Bonde la Ufa, Manyara ikiwemo, zina visima vyenye madini mengi ya floridi yanayotoka kwenye miamba. Hayo si matokeo ya shughuli za binadamu, lakini huwapata watoto kwanza kwa kuwa meno yao yanajengwa katika miaka minane ya mwanzo. Meno huota na mabaka ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana kwa muda mrefu hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Kisima kipya kikichimbwa, wazazi wana haki ya kuuliza kiwango cha floridi kabla ya kuanza kukitumia. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita.

Daftari lipelekwe wapi

Daftari likibaki shuleni au nyumbani halitaponya kijito. Vijiji vingi vina chombo cha watumia maji kinachosimamia mradi wa maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hicho ndicho cha kwanza kuonyeshwa. Cha pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unaweza kujadili sheria ndogo kuhusu mifugo, kilimo cha kingoni na kuosha mabomba ya dawa. Vyanzo vyenyewe vipo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida, ambayo ina mamlaka ya kuweka mipaka ya chanzo na kukilinda. Palipo na msitu wa hifadhi, TFS wahusishwe.

Anayekwenda ofisini na malalamiko huambiwa arudi kesho. Anayekwenda na tarehe nne, sekunde za ndoo nne, alama za wadudu juu na chini, na hatua kutoka shamba hadi maji, ni vigumu kumwambia hivyo. Mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wa darasa la sita wanaweza kuanza kiangazi hiki. Mzazi anaweza kuanza kwa ndoo na simu, siku yoyote ya kwenda kuchota.

Na jioni, kabla maji hayo hayajamfikia mtoto, yachemshwe.